Gari Lililozimika Kwa Leo

Kila Jumamosi asubuhi Careen ndiye aliyefungua gereji. Alisukuma mlango wa mabati, akafagia sakafu ya saruji, akafuta vumbi kwenye meza ndefu ya kazi, kisha akachomeka laptopu kwenye umeme ipate chaji kabla wateja hawajaanza kufika. Haikuwa gereji ya kushusha injini wala ya kuziba pancha. Mama yake mdogo, Fundi Oliva, alitengeneza kompyuta za magari tu, zile ambazo mafundi wenzake pale mtaani Mfaranyaki waliziita kontroboksi. Magari yaliyowashinda wengine yaliletwa kwake yakiburutwa kwa kamba, mengine kutoka Mbinga na Namtumbo.

Careen alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba. Alikaa na Oliva tangu mama yake, ambaye ni mwalimu, alipohamishiwa Tunduru. Alipenda kazi ile, na mikono yake ilikuwa myepesi.

"Humu ndani," Oliva alimwambia siku ya kwanza, akimwonyesha chipu nyeusi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, "zimeandikwa namba maelfu kwa maelfu. Ni kama daftari la mpishi wa shule. Wakija watoto mia mbili, unga kiasi hiki. Wakija mia tano, kiasi kile. Injini ikiwa baridi, mafuta kiasi hiki. Ikiwa ya moto na gari limebeba mzigo, kiasi kile. Sasa wewe chana ukurasa mmoja wa lile daftari. Mpishi atapika vizuri siku zote, mpaka siku wanapokuja watoto wa ukurasa uliochanika."

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali, Mzee Pankrasi alifika pale, gari lake la abiria aina ya Noah likivutwa na pikapu. Alikuwa mtu wa kijiji kimoja mbele ya Maposeni, mrefu, mpole, mwenye kuzungumza kwa sauti ya chini kama anayechelea kumwamsha mtu. Gari lake ndilo pekee lililowaleta watu wa kijiji kile mjini: wenye mahindi, wenye wagonjwa, wenye watoto wa kurudi bweni. Zamani aliyeliendesha alikuwa mwanawe wa pekee, kijana aliyeitwa Leo. Mwaka uliotangulia Leo alikuwa akirudi nyumbani kwa bodaboda, ikateleza kwenye mlima mrefu unaopanda kutoka mtoni, akafia palepale. Tangu hapo watu walipaita mahali pale Kwa Leo, na baba yake akashika usukani mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," Careen alimwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Gari limekufa kabisa. Haliitiki hata kidogo."

Oliva alifungua kontroboksi. Maji ya mvua yalikuwa yamepenya chini ya zulia la gari, na njia za shaba zilikuwa zimeliwa na kutu ya kijani.

"Ubao umeoza," alisema. "Ila bahati nzuri, chipu ya kumbukumbu ni nzima. Nitaagiza kontroboksi nyingine kutoka Makambako, iliyotoka kwenye gari la aina hii. Tutaisoma kumbukumbu ya hii na kuiandika kwenye ile."

Mzee Pankrasi aliinama akautazama ule ubao. "Kumbukumbu yote?"

"Yote, mzee. Gari halitajua hata kwamba limebadilishiwa ubongo."

Mzee akaugusa ubao kwa kidole. "Basi, mwanangu, usiache kitu," alisema. "Hata kidogo usiache."

Oliva akatabasamu, akidhani mzee anahofia gari litakula mafuta.

Kontroboksi ya pili ilifika kwa basi, na Jumamosi Oliva akamkabidhi Careen kazi ya kusoma chipu. Ilikuwa kazi aliyoifanya mara nyingi. Unabana chipu kwa kibanio chenye meno membamba, unaunganisha waya na laptopu, unaiacha isomwe mpaka mwisho, unahifadhi faili. Kisha unabandua kibanio, unabana upya, unasoma mara ya pili. Halafu unaiambia laptopu ilinganishe mafaili mawili, namba kwa namba. Yakilingana, ndipo unapoandika kwenye kompyuta nyingine. Kila kusoma mara moja kulichukua dakika ishirini, maana kifaa chenyewe kilikuwa kizee.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, mwalimu wa michezo alikuwa anachagua timu ya netiboli ya kata. Saa nne kasorobo rafiki yake Mwanaheri akasimama mlangoni, raba miguuni.

"Careen! Wanakaribia kuanza kuita majina!"

Careen, akiwa bado kwenye usomaji wa kwanza, aligeuka kumjibu, na kiwiko chake kikaugusa waya. Taa ya kijani ya kifaa ikapepesa mara moja, kama jicho, kisha ikatulia. Usomaji ukaendelea mpaka mwisho. Aliiona taa ile. Alijua maana yake: huenda jino moja la kibanio lilikuwa limeteleza, na kipande cha namba kikasomwa vibaya.

Akatazama saa. Dakika ishirini nyingine, na timu ingekuwa imejaa.

Akalichukua faili la kwanza, akatengeneza nakala yake, akaiita "pili". Akaiambia laptopu ilinganishe. Laptopu, ambayo haina hila, ikajibu kwamba mafaili yote mawili ni sawasawa.

Oliva alikuwa amelala chali chini ya usukani wa gari jingine. "Umesoma mara mbili?" aliuliza kutoka huko.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Yamelingana?"

"Yamelingana."

Hilo la pili lilikuwa kweli, na baadaye ndilo lililomsumbua kuliko lile la kwanza.

Siku ile alichaguliwa kwenye timu. Aliporudi, Noah ilikuwa imewaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Oliva aliizungusha mjini, ikaenda na kurudi bila kukohoa. Mzee Pankrasi akamshika Careen mikono yote miwili, akashukuru. Kisha akaomba apewe ile kontroboksi mbovu. Oliva aliwarudishia wateja vifaa vyao vilivyoharibika siku zote, kwa hiyo akaifunga kwenye gazeti akampa. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga.

Mvua zikaisha, ukaja msimu wa mavuno na baridi yake. Asubuhi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mapaa, Mzee Pankrasi alirudi gereji. Gari lilikuwa linanguruma vizuri.

"Sijaleta lawama," alisema. "Nimekuja kukueleza tu, Fundi, maana wewe ndiye uliyehamisha. Gari linazimika."

"Linazimika wapi, mzee?"

"Mahali pamoja tu. Kwa Leo."

Careen alikuwa anapanga bisibisi. Mkono wake ukabaki hewani.

"Nikitoka nyumbani na watu na mahindi," mzee aliendelea, "nashuka mtoni vizuri, naanza kupanda ule mlima. Nikifika pale alipoanguka mwanangu, gari linatetemeka, linazimika. Nakaa robo saa. Halafu nikiliwasha, linakubali, tunakwenda zetu. Nikiwa peke yangu bila mzigo, nyakati nyingine linapita. Nikiwa na watu, halipiti. Mara sita sasa, tangu mavuno yaanze."

Oliva alishika kiuno. "Hebu niliangalie."

Alilipima asubuhi nzima. Plagi, pampu ya mafuta, waya, kila kitu kilikuwa kizima. Alilizungusha mitaani, likaenda kama maji. Alifungua laptopu, akayaona yale mafaili mawili, la kwanza na la pili, yaliyolingana. Akatikisa kichwa.

"Sioni ugonjwa, mzee."

"Wala si ugonjwa," Mzee Pankrasi alisema. Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lile lilimtia Careen baridi kuliko ule ukungu. "Wewe mwenyewe uliniambia kumbukumbu yote imehamia. Leo aliliendesha gari hili miaka minne. Linamkumbuka. Nakaa pale robo saa, nazungumza naye. Mke wangu sasa anakuja na unga, ananyunyiza kidogo kando ya njia kama tambiko. Ile kontroboksi ya zamani nimeifunga kwenye shati lake, nimeiweka sandukuni. Sikutaka kuitupa. Shida yangu ni moja tu, Fundi. Watu wameanza kuogopa kupanda."

Alipoondoka, Oliva alibaki akiitazama barabara. "Maskini Baba Leo," alisema. "Nitafute nini nisichokitafuta?"

Careen akarudi kwenye bisibisi zake. Oliva alipokwenda kununua vitumbua, Careen alifungua lile faili peke yake. Akashuka taratibu kwenye safu za namba na herufi, moja baada ya nyingine, zilizobadilikabadilika kama kawaida. Kisha akafika mahali zilipoacha kubadilika. Herufi F mbili, F mbili, F mbili, safu tatu nzima, kama mdomo ulioachama. Hapakuwa na namba halisi pale. Hapo ndipo taa ilipopepesa.

Alizijua safu zile. Zilikuwa za injini ya moto, gari likipanda polepole na mzigo mzito. Watoto wa ukurasa uliochanika walikuwa wamefika. Kompyuta ilipoona zile F, ilimwaga mafuta kupita kiasi, injini ikazama, ikafa. Robo saa baadaye mafuta yalikuwa yamekauka na injini imepoa kidogo, ikawaka. Na katika njia yote ile, mlima mrefu kiasi hicho ulikuwa mmoja tu.

Akaifunga laptopu kana kwamba imemuunguza.

Kuanzia siku ile Careen hakuwa na amani. Darasani, mwalimu wa hisabati alipoandika ubaoni, aliona zile herufi zikishuka. Uwanjani mpira ulimpita mikononi. Gari lolote lililopunguza mwendo nyuma yake lilimfanya ageuke. Akilini aliliona shati la kijana asiyemjua, limefunga kibao cha kijani chenye kutu, limelala ndani ya sanduku gizani. Alimwona mama akinyunyiza unga kando ya njia kwa sababu ya kiwiko chake. Mara nne alifungua kinywa kumwambia Oliva, na mara nne akasema jambo jingine: chumvi imekwisha, mama mdogo, kesho kuna mtihani, mama mdogo.

Jambo lililomtisha zaidi halikuwa kuchapwa. Oliva hakuwa mtu wa fimbo. Lilikuwa ni lile tabasamu la mzee. Careen alijiuliza: nikisema kweli, nitakuwa nimemuua Leo mara ya pili? Na wazo hilo likawa pango zuri la kujificha.

Ijumaa moja shule ilipofungwa, Oliva alisema, "Kesho tunakwenda kijijini kwa Mzee Pankrasi. Nataka lizimike nikiwa ndani. Beba laptopu."

Careen hakulala vizuri.

Kesho yake walipanda bodaboda mpaka kijijini. Mkewe Mzee Pankrasi, Fortunata, ambaye wote walimwita Mama Leo, aliwapokea kwa uji wa moto. Alikuwa mwembamba, kitenge kimemzunguka mara mbili. Hawajamaliza uji, mwanamume mmoja akaja anahema. Jina lake Valence, na mkewe, Lukresia, alikuwa ameanza uchungu tangu alfajiri. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali haraka.

Wakapakia. Lukresia alilazwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama Leo. Valence, Oliva na Careen wakakaa mbele yao. Watu wengine watano waliokuwa wakisubiri safari na magunia yao wakasita, kisha kwa kuwa hakukuwa na gari jingine, wakaingia pia, mikono wameifumbata.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka, na mahindi yaliyokauka pande zote yalisuguana na upepo. Gari likashuka mtoni, likavuka daraja, likaanza kupanda. Careen alihesabu kimoyomoyo bila kujua anahesabu nini. Injini ikaunguruma kwa kina. Nje, kando ya njia, akaona alama nyeupe za unga ulioloweshwa na mvua.

Gari likatetemeka, mara moja, mara mbili. Likazimika.

Zilisikika pumzi za Lukresia tu. Mzee Pankrasi alivuta breki, akavua kofia yake.

"Leo, mwanangu," alisema kwa ile sauti yake ya chini, akitazama mbele kwenye ukungu. "Siku nyingine zote nakaa. Siku hii tuachie tupite. Kuna mgonjwa."

Akageuza ufunguo. Injini ikazunguka bila kushika. Akageuza tena.

"Anakataa," mtu mmoja alinong'ona. Mlango ukafunguliwa, na watu wawili wakashuka, kisha wengine watatu, wakasimama mbali.

"Jamani, tusukume!" Valence alilia. "Ndugu zangu, tusukume!"

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja alisema, "Hatuwezi kumsukuma marehemu njiani kwake."

Lukresia akapiga ukelele. Mama Leo akafumba macho, akaanza kuomba, na maombi yenyewe yalikuwa kwa mwanawe: "Baba, umekuwa mtoto mwema siku zote. Mbona unatufanyia hivi? Tumekukosea nini?"

Hilo Careen hakuweza kulivumilia. Kijana aliyekuwa ardhini, asiyeweza kujitetea, alikuwa anasingiziwa na mama yake mzazi.

"Siyo Leo!" alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama, siyo Leo. Ni mimi."

Watu wakamgeukia. Oliva akamshika bega. "Unasema nini wewe?"

"Sikusoma mara mbili." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakuacha. "Kibanio kiliteleza nikaona taa ikipepesa. Nilitaka kuwahi netiboli. Nikanakili faili nikaliita la pili. Kuna F safu tatu, mama mdogo, pale kwenye injini ya moto na mzigo. Linamwaga mafuta. Ndiyo maana linazimika hapa. Ni kwa sababu ya mlima. Leo hajafanya kitu."

Mzee Pankrasi hakugeuka. Careen aliona kisogo chake tu, na mikono miwili iliyobaki juu ya usukani.

Oliva akamwachia bega, akawa fundi. "Injini ya moto, mzigo, mwendo mdogo," alirudia haraka. "Basi tuondoe mzigo. Mzee, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku ukipiga ufunguo, ikaushe mafuta. Magunia yote chini! Abaki Lukresia na Mama Leo tu." Akawaendea wale waliosimama mbali. "Mmemsikia mtoto. Ni ubovu, na ubovu umetoka gerejini kwangu. Hapa hapana marehemu anayemzuia mtu. Njooni msukume!"

Valence alikuwa ameshaweka bega lake kwenye bodi la gari. Yule mzee aliyekataa mwanzo akatazama matope, akamtazama Careen, akaja. Wengine wakafuata. Injini ikakohoa moshi mweusi, ikakohoa tena, ikashika.

"Gia ya kwanza, mzee, mguu mwepesi!"

Likapanda, huku watu wakisukuma na kuteleza, mpaka juu ya mlima. Valence akarukia ndani, na Noah ikatokomea kwenye ukungu kuelekea hospitali. Oliva na Careen walirudi na wale wengine pale magunia yalipoachwa, wamelowa.

"Nikupe adhabu gani?" Oliva aliuliza mwishowe. Hakuwa amepaza sauti. "Kijiji kizima kimelala na hofu wiki ngapi hizi. Na mimi nilikaa na yale mafaili nikayaamini. Nilitakiwa kukagua mwenyewe. Nitamwambia mzee hivyo. Lako utamwambia wewe."

Jioni simu ililia. Lukresia alikuwa amepasuliwa salama, na mtoto wa kike alikuwa analia vizuri. Oliva alikaa kwenye kiti akafunika uso kwa khanga. Careen alilia mpaka pua ikaziba.

Siku nne zilipita bila Mzee Pankrasi kuonekana. Siku ya tano alikuja akiwa amebeba kifurushi kifuani. Alikiweka juu ya meza ya kazi, akakifungua. Lilikuwa shati la bluu lililopigwa pasi. Ndani yake ilikuwa kontroboksi yenye kutu.

"Shikamoo, babu," Careen alisema, macho chini.

"Marahaba." Mzee alivuta stuli akakaa. "Fundi Oliva amenieleza kwamba mnahitaji kuisoma upya. Kabla hujaisoma, nina swali. Nakuuliza wewe, maana wewe ndiye uliyezitazama hizo namba. Humu ndani hamna kitu chake? Hata kidogo?"

Careen alimtazama Oliva. Oliva hakumsaidia. Ingekuwa rahisi sana kusema, labda kipo, babu.

"Hamna, babu," alisema. "Kuna namba za mafuta na za cheche. Ziliandikwa kiwandani, kabla yeye hajalishika gari. Naomba unisamehe. Nilidanganya, halafu nikakaa kimya wakati nimeshajua."

Mzee alivuta pumzi ndefu. Alilikunja lile shati taratibu, mikono ya shati kwanza, kisha kola, akaliweka mapajani.

"Haya," alisema. "Soma."

Careen alibana kibanio. Dakika ishirini zile hakuondoa jicho kwenye taa. Akahifadhi. Akabandua, akabana upya, akasoma tena dakika nyingine ishirini. Mwanaheri alipita mlangoni akamwita. Alitikisa kichwa tu. Mafaili mawili yakalingana. Kisha akalinganisha moja la hayo na lile la zamani, na laptopu ikaonyesha tofauti mahali pamoja tu: safu tatu. Penye F sasa palikuwa na namba. Oliva akakagua mwenyewe kwa kidole, safu kwa safu, ndipo wakaandika kumbukumbu mpya kwenye kontroboksi ya Noah.

Kulijaribu gari kulikuwa na njia moja tu. Walikwenda kijijini, wakapakia magunia manane na watu, Mama Leo akakaa mbele na mumewe. Walishuka mtoni, wakavuka daraja. Gari likaanza kupanda, zito, la moto. Careen alikuwa ameng'ang'ania kiti. Zile alama nyeupe zilishaoshwa na mvua. Injini ikanguruma, ikavuta, wala haikutetemeka. Wakapita Kwa Leo kama wanavyopita watu mahali popote.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Leo alikuwa ameelekeza uso dirishani.

Walipofika mahali penye nafasi, Mzee Pankrasi alisogeza gari kando, akavuta breki, akazima injini.

"Hapa nimesimama mwenyewe," alisema.

Akashuka, mkewe akafuata, wakarudi kwa miguu mpaka pale mahali. Walisimama wamekaribiana, bila unga, bila maneno ambayo wengine wangeyasikia. Baada ya muda mzee akamwita Careen kwa mkono. Careen alikwenda.

"Unaogopa nimekukasirikia," mzee alimwambia. "Nilikasirika. Siku ya kwanza sikuweza kula. Lakini nataka ujue kitu ambacho wengine hawatakuambia. Uongo wako haukuwa mchungu kwangu. Ulikuwa mtamu. Ulinipa mwanangu robo saa kila safari. Na kwa utamu huo nilikuwa karibu kumwacha mke wa Valence afie hapa, huku naomba ruhusa kwa mtu ambaye hakuwepo. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Uongo wako ungekwenda mbali, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nausindikiza."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe, kwa sababu ulisema ni mimi, mbele za watu. Uliondoa lawama juu ya mwanangu. Mama yake sasa anamkumbuka jinsi alivyokuwa, haogopi tena." Akamtazama usoni. "Lakini shika hili maisha yako yote. Ukishona nguo vibaya, kila mtu ataona. Ukijenga ukuta vibaya, utapinda. Hiyo kazi yenu hakuna anayeiona ndani. Tunawapa magari yetu na wagonjwa wetu, tunawaamini tu. Kwa hiyo ukisema umefanya mara mbili, iwe mara mbili. Na siku ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla wengine hawajalipatia kosa lako jina la mtu."

"Nimesikia, babu."

Mama Leo akamshika mkono, kiganja chake kikiwa baridi na kikavu. "Twende, mjukuu wangu," alisema. "Watu wana mahindi yao garini, wasichelewe soko."

Wakapanda mlima pamoja mpaka kwenye gari. Mzee Pankrasi akaingia, akageuza ufunguo mara moja, na safari ikaendelea.